Madamu, mbona inaniletea 500500?

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha saa nane mchana, wiki ya tatu ya muhula. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekaa mstari wa nyuma karibu na feni isiyozunguka, alinyoosha mkono nusu, kama mtu anayesimamisha daladala asiyejua vizuri inakwenda wapi. Nilipofika akanigeuzia skrini. Programu yake ilikuwa na mistari mitatu: inauliza bei ya kitu dukani, inazidisha mara mbili, inaandika jibu. Alikuwa ameingiza 500. Kompyuta ikamjibu 500500.

"Madamu, mbona inaniletea 500500? Au hii kompyuta mbovu?"

Jibu nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Kila anayefundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwa wanaoanza amekutana nalo. Unachoandika kwenye kibodi kinaingia kama maandishi, hakiingii kama namba, na maandishi ukiyazidisha mara mbili yanarudiwa mara mbili. Ningeinama, ningeongeza neno la herufi tatu, int, pamoja na mabano yake, ingetoka 1000 na angeniambia asante. Niliweka mikono nyuma, nikamwuliza: "Ukiingiza 7 badala ya 500, unadhani italeta nini?"

Akafikiri. "14." Akaingiza. Ikaja 77. Akanitazama mimi, akaitazama skrini. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaandika sukari. Ikaja sukarisukari.

Alikaa kimya. Halafu akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe: "Kumbe haijui kwamba hii ni namba. Inaiona kama jina tu."

Dakika nane zilipita tangu aliponyoosha mkono. Wakati huo mikono mingine minne ilikuwa juu, na mmoja wa wasaidizi wangu alikuwa ananiangalia kwa jicho la kuniuliza nimekwama wapi. Dakika nane kwa mtu mmoja, katika kipindi cha saa mbili chenye watu 38. Najua hesabu hiyo inavyoonekana kwenye karatasi, na ndiyo sababu naandika haya.

Mwezi uliopita kikao chetu cha idara kilijadili kupunguza vipindi vya maabara vyenye msimamizi kwa somo la utangulizi wa programu, kutoka viwili kwa wiki hadi kimoja. Kile kingine wanafunzi watafanya peke yao, kwa video na mazoezi yanayosahihishwa na kompyuta. Hoja zilizotolewa ni za kweli: wanafunzi wanaongezeka, wasimamizi ni wachache, na ratiba ya vyumba imebana. Mimi nilisimama nikasema napinga, nikapewa dakika tatu. Dakika tatu hazikunitosha.

Nianze na mahali nilipotoka. Mimi nilijifunza kompyuta nikiwa mtu wa tatu. Mwaka 2011 nilipoingia chuo, si hiki ninachofundisha sasa, tulikaa watatu kwa mashine moja. Wa kwanza alikuwa kijana aliyekulia kwenye intaneti kafe ya kaka yake, na vidole vyake vilijua kila herufi ilipo. Wa pili alikaa katikati. Mimi nilikuwa pembeni, goti likigonga mguu wa meza, nikinakili kwenye daftari kile alichoandika wa kwanza. Wiki tano sikugusa kibodi. Msimamizi alikuwa anakaa mbele na gazeti lake. Ukimwita alikuja, haki yake nampa, lakini akifika alivuta kibodi upande wake, akabonyeza hapa na pale, akasema "Haya, inakwenda," akarudi kitini. Tulimshukuru kila mara. Jaribio la kwanza nilipata 31 kati ya 100. Nilikuwa nimekariri programu nzima nzima za lugha ya C, na nukta mkato zote zilikaa mahali pake, ila hata moja sikujua inafanya nini.

Likizo ile nilirudi nyumbani Morogoro nikiwa nimeamua kubadilisha masomo. Mama yangu ni fundi cherehani. Kibaraza chake kiko Mji Mpya, kina cherehani tatu za kukanyaga, na kila mwaka huwa na mabinti wawili au watatu wanaojifunza kwake. Tangu utoto nilikuwa namwona akifundisha lakini sikuwahi kumtazama. Likizo ile nilikuwa sina la kufanya, nikamtazama.

Binti anakaa kwenye cherehani. Mama anakaa ubavuni kwenye kigoda, mikono imelala mapajani juu ya kanga. Mshono ukianza kupinda, mama haunyooshi. Anauacha uende mpaka mwisho wa kitambaa. Halafu anauliza, "Umeanza kupinda wapi?" Binti anautafuta kwa kidole, anarudi nyuma, anasimama mahali. "Haya, fumua mpaka hapo." Hapo tu, hata kama mshono mzima unatia aibu. Na kufumua kuna adabu yake: unakata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, kitambaa kisichanike.

Nilimwuliza kwa nini hamshikii. Mashine ni yake, kitambaa ni cha mteja, na Sikukuu inakaribia. Akasema, "Nikishika mimi, utakaojua ni mkono wangu. Na wangu unajua tayari."

Sikubadilisha masomo. Nilirudi chuoni nikamwambia yule kijana wa kwanza kwamba kuanzia siku ile tutapokezana. Alikubali mara moja. Hakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyewahi kumwomba tu.

Maneno ya mama nimeyaleta maabara, na wanafunzi wangu sasa wanasema "kufumua" kwa ile kazi ya kutafuta kosa kwenye programu. Wanaoanza wakikutana na kosa hufanya jambo moja kati ya mawili. Wa kwanza anafuta kila kitu na kuanza upya, yaani anachana kitambaa. Wa pili anakaa akitazama skrini, haandiki na haulizi. Mwaka 1986 David Perkins na wenzake wa Harvard waliandika kuhusu wanaojifunza programu, wakawagawa wale wanaosimama kabisa wakikwama na wale wanaoendelea kujaribujaribu. Wakaongeza kwamba hata kujaribujaribu kunaweza kuwa kwa ovyo, mtu anabadilisha hiki na kile bila kufuatilia kilichotokea. Nilipoisoma kazi ile niliwaona wanafunzi wangu humo, ingawa Perkins hakuwahi kukaa mstari wa nyuma wa maabara yetu.

Anayesimama hanyooshi mkono. Hilo ndilo video haiwezi kulitatua, kwa sababu video inamngojea mtu abonyeze, na huyu ameshaacha kubonyeza. Msimamizi anamjua kwa mgongo. Ukizunguka maabara mara nne tano unaanza kusoma migongo: aliyeegemea mbele anafanya kazi, aliyeegemea kiti huku mkono uko kwenye kipanya na kishale hakisogei amekwama zamani. Mwingine ukikaribia anafungua haraka dirisha jingine. Mwingine anazima na kuwasha kompyuta, akitumaini kosa litaondoka na umeme. Kuna kijana mwaka juzi alisahau kuongeza hesabu ndani ya mzunguko, yaani sehemu ya programu inayojirudia, skrini ikaanza kumwaga namba bila kukoma, akachomoa waya ukutani. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilichuchumaa pembeni yake, nikamwonyesha kwamba Ctrl na C pamoja zinatosha kuisimamisha, kisha nikamwomba aifanye tena makusudi, aanzishe mafuriko na kuyazuia mwenyewe. Aliifanya mara sita. Hakuogopa tena mzunguko muhula mzima.

Kila mwaka wiki ya kwanza huwasimulia habari za Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya EDSAC pale Cambridge. Katika kumbukumbu zake aliandika jinsi mwaka 1949 alivyong'amua, akiwa kwenye ngazi, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itakwisha katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Nawaambia: huyu aliijenga mashine yenyewe, na bado. Unaona mabega yanashuka darasani.

Tatizo si la kwetu peke yetu pia, na watu wa kikao wanapaswa kulijua hili. Mwaka 2001 Michael McCracken na wenzake waliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne vya nchi mbalimbali, waliomaliza masomo ya mwanzo ya programu. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Miaka 13 baadaye, 2014, Christopher Watson na Frederick Li walikusanya matokeo ya kozi 161 za utangulizi kutoka nchi 15 wakakuta kwa wastani asilimia 67.7 tu ndio wanafaulu. Karibu theluthi moja wanabaki njiani. Sisi tuna theluthi hiyo, na juu yake tuna mengine.

Kubwa kati ya hayo mengine ni lugha. Wengi wa wanafunzi wangu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakahamia Kiingereza kidato cha kwanza, na kwa miaka hiyo yote wamejifunza kurusha jicho juu ya Kiingereza kirefu na kutafuta neno wanalolijua. Sasa kompyuta inawamwagia mistari sita ya maandishi mekundu. Hawayasomi. Jicho linaona wekundu, moyo unasema "nimekosea", basi. Nimefanya mtihani huu mara nyingi: namfunika mwanafunzi skrini kwa daftari mara tu kosa linapotokea, namwuliza ujumbe umesema nini. Karibu kila mara hajui, na alikuwa anautazama sekunde moja iliyopita.

Kwa hiyo kwangu kuna utaratibu mmoja ambao haubadiliki. Shuka kwenye mstari wa mwisho kabisa wa ujumbe, kwa sababu Python huweka kiini cha kosa chini. Usome kwa sauti. Halafu uniambie kwa Kiswahili. Binti aliyeandika amri ya print kama Print, kwa herufi kubwa, anasoma, anababaika, kisha anasema, "Inasema jina Print halijatambulishwa." Namwuliza ni jina gani hasa alilokuwa amefundishwa. Anacheka mwenyewe, anarekebisha. Akishafanya hivyo mara kumi, maandishi mekundu yanageuka kuwa mtu anayezungumza naye, hata kama anazungumza kwa ukali.

Halafu kuna yale ambayo hata ukisoma vizuri hayakusaidii, na hapo ndipo mtu mzoefu pembeni ana thamani yake yote. Kompyuta zetu nyingi bado zina Python ya kabla ya toleo la 3.10. Katika matoleo yale, ukisahau kufunga mabano mstari wa 4, ujumbe unakuambia kosa liko mstari wa 5. Mstari wa 5 ni mzima kabisa! Mwanafunzi anautazama dakika ishirini, anaufuta, anauandika upya neno kwa neno, kosa liko palepale. Toleo la 3.10, lililotoka 2021, linasema wazi kwamba mabano hayakufungwa, lakini sisi hatunalo. Kwa hiyo swali langu huwa moja tu: "Na jirani yake wa juu hajambo?" Nalitamka hivyo kila mara mpaka wanalisema wenyewe. Jambo jingine la namna hiyo ni alama za kunukuu. Mwanafunzi ananakili mfano kutoka kwenye maelezo ya somo yaliyochapwa kwenye Word, na Word imezipinda alama za kunukuu ziwe nzuri. Python haizitambui. Kwa macho ya anayeanza, alama mbili zilizonyooka na mbili zilizopinda ni kitu kimoja. Nani atamwambia, saa tano usiku, chumbani peke yake?

Najua wengi watasema simu itamwambia. Ni kweli, siku hizi simu inajibu. Sina vita na hilo, na mimi mwenyewe natumia. Lakini ninachokiona maabara ni mwanafunzi anayekuja na programu iliyokamilika, inakwenda vizuri, ina maelezo mazuri kila mstari, na nikimwomba aibadilishe kidogo tu mbele yangu, iulize bei tatu badala ya mbili, mikono inaganda juu ya kibodi. Sijawahi kumwadhibu mtu kwa hilo. Namwambia akae, tunaifumua pamoja, na saini yangu kwenye karatasi ya maabara anaipata akishaibadilisha yeye. Simu ilimpa nguo iliyoshonwa tayari.

Nirudi kwenye kukaa watatu watatu, maana hata sasa siku nyingine tunafika huko. Chumba changu kina mashine 40, zinazowaka ni 31. Kazi ya watu wawili kwenye mashine moja ina faida zake, mradi iwe kazi ya wawili kweli. Sisi tunaita dereva na utingo. Dereva anashika kibodi wala haamui njia peke yake. Utingo haruhusiwi kugusa, anasoma, anauliza, anaonya kuna shimo mbele. Kila baada ya dakika 15 simu yangu inalia, wanabadilishana, na sikubali "tumalizie kwanza hiki". Nilipoanza utaratibu huu niligundua jambo lililoniuma: kwenye jozi za mvulana na msichana, nisipopiga kengele, kibodi ilikuwa inabaki kwa mvulana karibu kipindi kizima, na msichana ndiye aliyekuwa anaandika kwenye daftari. Hakuna aliyewaagiza. Hakuna aliyeona, mpaka mtu alipokuwa na kazi ya kuzunguka na kutazama. Nililiona goti langu la mwaka 2011 chini ya kila meza.

Kuna watu wamekwenda mbali zaidi ya sisi. Pale Chuo Kikuu cha Helsinki, Arto Vihavainen na wenzake waliandika mwaka 2011 jinsi walivyopunguza mihadhara ya somo la utangulizi iwe michache kabisa, wakawapa wanafunzi mazoezi mengi madogo madogo, wakaweka wakufunzi ndani ya maabara wakifanya nao kazi bega kwa bega. Kielelezo walichokifuata ni uanagenzi, mwanafunzi kukaa na fundi. Sisi ambao kila mtaa wetu una gereji na kibaraza cha cherehani tunataka kuelekea upande wa pili.

Na kazi hii ina ugumu wake, siufichi. Mwaka wangu wa pili wa kusimamia, zikiwa zimebaki dakika kumi, mikono saba juu, nilifika kwa kijana mmoja mpole kutoka Tandahimba. Alikuwa ameanza na maneno yale yale ya wengi, "Madamu, x = x + 1 haiwezekani, hisabati inakataa." Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile. Lilihitaji nikae, nimweleze kwamba alama ile ya = hapa haisemi "ni sawa na", inasema "chukua kilichomo kwenye kopo liitwalo x, ongeza moja, kirudishe". Sikukaa. Nilivuta kibodi, nikaandika mistari minne, nikamwambia "Haya, inakwenda." Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu. Kijana alisema asante. Hakuniita tena muhula ule, na mimi sikumrudia kwa wakati. Alirudia somo mwaka uliofuata. Yako mengi yaliyochangia, lakini lile la kwangu nalijua.

Tangu siku ile naweka mikono nyuma, kweli kabisa, vidole vya kulia vimeshika kifundo cha kushoto. Wasaidizi wangu wawili wa mwaka wa tatu nao nimewafundisha hivyo kabla sijawafundisha kitu kingine. Mmoja aliniambia wiki mbili za kwanza ilimuuma, kwamba kumtazama mtu akikosea jambo ambalo wewe ungelimaliza kwa sekunde tatu ni kazi nzito kuliko kuandika programu yenyewe. Nikamwambia ameelewa.

Nimeomba idara ituachie vipindi viwili kwa muhula mmoja zaidi, na kama lazima kimoja kipunguzwe, basi upunguzwe muhadhara. Nimependekeza pia wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofanya vizuri walipwe posho kidogo wasaidie kusimamia, watatu kwa kila kundi. Majibu bado. Binti wa 500500 amekwishajiandikisha kwenye orodha ya wanaotaka kusaidia, ingawa nimemweleza kwamba angoje hadi afike mwaka wa tatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi naanza na kundi la kwanza. Mada ni orodha na mizunguko. Fundi wa umeme ameahidi kuja kabla ya hapo kuangalia zile tisa zisizowaka.